Sauti Niliyoikata kwa Wembe

Fundi Masudi,

Sijui niandike anwani gani. Nilifundisha watoto kuandika barua kwa miaka thelathini na minane, na siku zote nilianza na anwani: pembe ya juu, upande wa kulia, jina la mahali, kisha tarehe. Wewe huna mahali. Naanza na jina lako tu. Mwanafunzi angefanya hivyo ningempunguzia alama.

Zaituni amekuja. Yule mwanao aliyekuwa anatambaa ulipochukuliwa, ambaye ulisema analia kama mbuzi aliyefungiwa. Sasa ana wajukuu wawili. Anashona nguo Muyinga, karibu na soko, na miwani yake ni minene kuliko yangu. Alipanda gari alfajiri, akapitia Karuzi, akafika kwangu Yoba, hapa Gitega, mchana akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpa kiti, hakukaa. Alisimama mlangoni akasema:

"Mwalimu, mi nakuja kuuliza kitu moja tu. Baba alikuwa anaongea aje?"

Nikamwambia: kitu kimoja.

Ndiyo, Masudi. Hata hapo.

Hakukasirika. Alisema, "Haya, kimoja," kama mtu anayemlipa askari wa kizuizi ili apite, kisha akaendelea. Mama yake amefariki. Picha yako hakuna. Ile ya kitambulisho ilikwenda nawe mfukoni. Kaburi hakuna. Waliokuwa wanaikumbuka sura yako wamekwisha mmoja mmoja, na wale waliobaki kila mmoja anasema lake: mara ulikuwa mrefu, mara ulikuwa mfupi. Lakini mama yake alimwambia kabla ya kufa kwamba sauti yako ilishikwa na mashine huku Gitega, na kwamba mwenye mashine ni Mwalimu. "Maman alisema sauti yake iko kwako," alisema. Alikuwa amebeba chupa ya asali, ameifunga kwa kitambaa. Asali ya kunilipa.

Nilikaa mimi kwenye kile kiti.

Nitaandika mambo yote kama vile hukuwapo, kwa sababu barua hii Zaituni ataisoma, na yeye hakuwapo. Wewe vumilia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi nilikuwa nimekuja kutoka Kigoma, nilikozaliwa na kusomeshwa, na nikapata kazi ya kufundisha huku. Kwenye misheni ya Mushasha, nilikofundisha, palikuwa na padre mzee aliyekuja na kinanda kutoka kwao, kwa meli, kisha kwa lori kutoka Bujumbura. Alikiita klavesini. Kwa umbo kilikuwa kama jeneza lililochongoka upande mmoja. Ndani kilikuwa na nyuzi nyembamba za chuma na za shaba, na kwa kila kibao unachokibonyeza kuna kijiti kinachoruka, na kwenye kijiti kuna kipande cha unyoya wa kunguru, kilichochongwa kama ncha ya kalamu. Unyoya ndio unaodonoa uzi. Ukibonyeza kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile. Nilikipenda kwa sababu hiyo. Nilidhani kinafanana na mimi.

Vidole vya Padre vilikuwa vimekwisha kupinda kwa baridi yabisi. Alinifundisha mimi, miaka mitano, muziki wa zamani sana wa kwao: mafungu ya ngoma za kuchezwa na watu wa majumba ya kifalme, kila fungu likifuata utaratibu wake, Alamandi, Kuranti, Sarabandi, Jiga. Wewe ulizipa majina yako. Alamandi uliiita Ya Kuamka. Kuranti, Ya Kwenda Soko. Sarabandi, ambayo ni nzito na ya polepole, Ya Msiba. Jiga, Ya Mbuzi. "Ya Mbuzi leo iko inakimbia sana, Mwalimu. Mchungaji iko wapi?" Padre alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu makosa: mawili.

Wewe uliletwa kwa sababu ya ufa. Masika ya kwanza yaliupasua ubao wa ndani, ule unaobeba sauti, na hakuna fundi wa Gitega aliyethubutu kuugusa. Mtu akasema Muyinga kuna seremala Mwislamu anayetengeneza milango isiyopiga kelele. Ulikuja na sanduku lako begani, ukakizunguka kile kinanda mara tatu, ukainama, ukaweka sikio juu ya ubao, ukaugonga kwa kucha. Ukasema, "Hii kitu iko na homa." Ukaziba ufa kwa ukanda wa mti wa msave, mwembamba kama jani la vitunguu, na tangu siku ile haukufunguka tena.

Manyoya nayo yakawa kazi yako. Yale ya Ulaya yalikuwa yanakatika kila wiki. Ulijaribu ya kuku, ukasema yanalia kama mate. Ulijaribu ya kunguru wa hapa Gitega, ukayakataa: "Kunguru ya hapa iko inakula maharage ya wanafunzi. Unyoya yake iko laini. Kunguru ya Muyinga iko inakula nyama kwa machinjio." Ukawa unakwenda kwenu kila baada ya miezi kadhaa, unarudi na sanduku la manyoya ya mabawa, umeyapaka mafuta na kuyakausha, na kila unyoya unao ufundi wa mkono wako. Kwa kweli sauti ilibadilika. Padre alisema hajawahi kuisikia imekaa vile, hata kwao.

Kisha wakubwa wake wakamwandikia arudi kwao kupumzika. Kinanda hakingeweza kusafiri tena. Akaagiza mashine ya kunasa sauti, ile ya magurudumu mawili na utepe wa rangi ya kahawia, akasema: "Kama siwezi kukibeba, nitabeba sauti yake." Mafungu sita ya ngoma, yote. Tulinasa Jumamosi mchana, wanafunzi wakiwa mtoni kufua. Mvua ikinyesha kwenye mabati, tunasubiri. Jogoo akiwika, tunaanza upya.

Mimi nilicheza. Wewe ulishika mashine. Na kwa kuwa mtu aliye kwenye mashine lazima atangaze kwamba utepe unakwenda, kila mara ulisema maneno yaleyale, kwa ile sauti yako nene, bila haraka:

"Mwalimu, kinanda iko tayari. Mi nafungua mashini, we cheza."

Na kila mara mimi nilijibu: "Kiko. Kinanda kiko tayari."

Ukasema: "Ndiyo, Mwalimu. Iko kiko."

Zaituni, ukisoma hapa ujue kwamba baba yako alikuwa mcheshi.

Lazima nieleze nilivyokuwa, si kwa kujitetea. Aliyenifundisha Kiswahili kule Kigoma alitupigisha magoti juu ya changarawe kwa kosa moja la upatanisho. Nilifika Burundi nikiamini kwamba lugha ni nyumba na kila nomino ina mlango wake, na mtu anayeingia mlango usio wake ni mwizi. Kila niliposikia iko, magoti yaliniuma. Nasema kweli. Yaliniuma hasa.

Padre alitaka sauti yako ibaki. Alisema, "Huyu naye ni sehemu ya kinanda." Alikwenda kulala mchana, na mimi nikachukua wembe. Kabla ya kila Alamandi, kabla ya kila Sarabandi, nilitafuta mahali unapoanza kusema na mahali unapoishia, nikakata kwa mshazari, nikaunganisha kwa gundi. Vipande nikaviacha sakafuni. Nilijiambia kwamba siwezi kupeleka Ulaya utepe wenye makosa.

Fikiria, Masudi. Kule utepe ulikokwenda hapakuwa na mtu hata mmoja wa kujua tofauti ya iko na kiko.

Uliingia ukanikuta. Ulitazama sakafu, ukaelewa. Uliuliza jambo moja tu: "Yote, Mwalimu?" Nikasema yote. Ukainama ukaviokota vile vipande, kimoja kimoja, ukavikunja kwenye kiganja. Nilidhani unafagia. Kuanzia Jumamosi iliyofuata hukutangaza tena. Uliinua mkono tu. Mkono ukiinuka, mashine inakwenda. Mkono ukishuka, imesimama. Mafungu matatu ya mwisho tuliyanasa hivyo, wewe bubu na mimi nikicheza, na nilikushukuru kwa utaratibu huo. Nilikuambia, "Sasa tunafanya kazi vizuri." Uliinua mkono.

Padre aliondoka na nakala moja. Mashine ilibaki kwangu, na nakala ya pili, ambayo nayo nilikwisha kuikata vilevile. Mimi si mtu wa kufanya kazi nusu.

Kisha ukaja mwaka ule wa mauaji, ambao watu wa umri wangu hawautaji kwa namba. Ulikuwa umekwenda Muyinga na sanduku kutafuta manyoya. Walikuja mchana na lori, watu unaowajua, wakakuita kwa jina la kazi, "Fundi," kana kwamba kuna mlango wa kutengeneza. Ulitoka na patasi mkononi. Mmoja akasema, "Acha hiyo, hutaihitaji." Haya aliyaeleza mkeo baadaye. Siku ile aliniletea tu karatasi kwa mkono wa mfanyabiashara aliyekuwa anakuja Giheta, karibu na kwetu. Maneno machache:

"Mwalimu, Masudi haiko. Walimuchukua."

Jambo ninalotaka kulisema sasa sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio. Nilipoifungua karatasi ile, kabla sijaelewa, kabla moyo haujashtuka, niliona kosa. Penseli ilikuwa mkononi, nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikapiga mstari juu ya "haiko", nikaandika juu yake "hayuko".

Halafu nikasoma nilichoandika.

Sikwenda Muyinga wakati ule. Barabara zilikuwa na vizuizi, na nilikuwa na hofu. Nilikwenda baada ya miezi saba. Nilimkuta mkeo uani, anapepeta mchele, na Zaituni mgongoni. Watu wa msikiti walikuwa wamekusalia sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo, lakini kwa siri, wakiwa watano tu. Mkeo hakulia mbele yangu. Aliingia ndani akatoka na sanduku lako la manyoya, akaniwekea miguuni. "Hii ni kitu ya kinanda," akasema. "Mi siwezi kuiangalia." Nililibeba mpaka nyumbani, nikaliweka juu ya kabati. Sikulifungua. Wala kinanda sikukigusa tena. Nyuzi zilishika kutu, mchwa wakala miguu yake, na mwaka mmoja wakakitoa nje ili wapate nafasi ya madawati. Ubao wa ndani ulikuwa bado mzima. Niliuangalia mwenyewe. Ule ukanda wako wa msave haukuachia.

Mengine yamebadilika. Gitega wameifanya makao makuu ya nchi, kuna lami na ofisi. Mke wangu alikufa. Nilistaafu. Watu husema mimi ni mkali lakini ni wa haki, nami sijawahi kuwaambia wanakosea.

Basi Zaituni amesimama mlangoni na asali yake. Ningeweza kusema kwamba utepe ulioza. Angeamini. Badala yake nilimwambia yote, niliyoyaandika hapa, isipokuwa habari ya penseli. Alisikiliza huku anafungua na kufunga kile kitambaa cha chupa. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo ulimukata."

Nikasema, nilimkata.

Akasema, "Sababu ya iko."

Nikasema, kwa sababu ya iko.

Hapo ndipo akakaa. Kisha aliuliza kama kipo chochote ulichokishika kwa mkono wako, hata kijiti. Nikakumbuka sanduku. Nililishusha kutoka kwenye kabati, naye akalifungua yeye. Manyoya yalikuwa yamepangwa kwa mafungu sita, jinsi ulivyopanga daima. Wadudu walikuwa wameyatafuna, yamebaki mishipa. Akainua fungu moja, akalisogeza karibu na miwani.

"Mwalimu, hii kamba ni ya nini?"

Haikuwa kamba. Ulikuwa utepe wa rangi ya kahawia, umekatwa kwa mshazari. Masudi, uliutumia kufungia manyoya. Vile vipande nilivyokukata, ulivichukua ukavifanyia kazi, kwa sababu wewe hukutupa kitu.

Mashine yangu ilikuwa imekufa siku nyingi. Hapa Yoba kuna Mkongomani mmoja, Bahati, aliyetoka Uvira akikimbia vita, anatengeneza redio na simu. Tulimpelekea. Aliizunguka kama wewe ulivyokizunguka kinanda. "Mzee, hii mashini iko mzee kukupita we mwenyewe. Mukaba yake ilikufa." Nikamwambia: mkanda wake ulikufa. Akasema, "Voilà, na mukanda pia." Alikata mpira kutoka tairi ya ndani ya baiskeli, akaushona, na siku ya nne magurudumu yalizunguka. Siku zote hizo Zaituni alilala kwa jirani, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi la Bahati na mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari atoke.

Vilikuwa vipande sita. Bahati alivifungua mafundo kwa ncha ya sindano, akavinyoosha, akaviunganisha kwenye utepe mtupu. Mahali palipokuwa na fundo pamepinda na kuchubuka, na sauti haipo hapo. Sekunde moja kwa kipande, au mbili.

Cha kwanza: "Kiko." Ni mimi.

Zaituni akageuka. "Ni yeye?" Nikasema hapana, ni mimi.

Cha pili: kelele tupu, kisha uzi mmoja wa kinanda. Cha tatu: "Kinanda kiko ta-" Mimi tena. Cha nne kilikuwa mimi. Nilikuwa kijana, na sauti yangu ilikuwa kama rula inayopigwa mezani. Nilitaka kumwambia Bahati azime. Cha tano kilikuwa kikohozi, na Zaituni akashika benchi; nikasikiliza tena, nikamwambia kweli: hicho ni cha Padre. Sitaki kusahau jinsi alivyoliachia lile benchi.

Cha sita kilikuwa kifupi kuliko vyote. Mlio wa swichi. Pumzi ya mtu anayetaka kusema. Fundo likala mwanzo, kisha sauti nene, bila haraka, neno moja, halafu mchubuko ukala yaliyobaki:

"Iko."

Bahati akarudisha nyuma bila kuambiwa. Swichi, pumzi, iko. Akarudisha tena. Mara ya nne au ya tano Zaituni aliinua mkono wake kidogo, na Bahati akasimamisha mashine. Nani alimfundisha kuinua mkono vile? Hakuna. Alitazama yale magurudumu yaliyosimama, uso umelowa, akasema polepole, kama anayeisoma habari iliyochelewa njiani:

"Baba iko."

Bahati alinitazama mimi. Siku nne nzima nilikuwa nimemsahihisha, na alijua kinachokuja. Nami nilijua. Kilikuwa kimeshafika kwenye meno: yuko, binti yangu, mtu ni yuko.

Nikasema, "Iko. Ndiyo, mwanangu. Baba iko."

Amerudi Muyinga jana. Utepe ule mdogo amekwenda nao, na sanduku, na sauti yenyewe Bahati amemtilia kwenye simu; mashine imebaki kwangu. Nimempa pia ile karatasi ya mama yake. Usiku wa kuamkia safari yake niliifuta kwa raba. Penseli ya miaka mingi haitoki yote. Ukiielekeza kwenye mwanga utaiona bado "hayuko" yangu, kama kovu, juu ya neno la mkeo. Ndiyo maana nimeandika habari hiyo hapa, ili akiiona asijiulize ni mkono wa nani.

Asali aliiacha mezani. Sijaifungua.

Fundi Masudi, sina kaburi la kusimama mbele yake, kwa hiyo nakuaga hapa kwenye karatasi. Nakuahidi hivi. Bahati amenitolea nakala ya kile kipande. Nitaiunganisha mwenyewe mahali pake, mwanzo wa fungu la kwanza, kabla ya ile uliyoiita Ya Kuamka, pale wembe ulipopita. Kukata kwa mshazari bado naweza. Na mtu yeyote atakayetaka kuusikia muziki ule katika nyumba hii, kwa siku zilizobaki, atakusikia wewe kwanza.

Kila kitu nimekipanga mezani: gundi, wembe, utepe.

Utepe iko tayari, Masudi. Mi nafungua mashini, we sema.

Mwalimu wako